Bomba la moshi la fundi bati wa Tabora, baada ya misimu mitatu manzukini

Septemba 2021, katika manzuki yangu, yaani sehemu ninapofugia nyuki, mizinga 11 kati ya 14 iliteketea alasiri moja. Sikuwepo. Nilikuwa nimepeleka ndoo mbili za asali mjini Tabora, na wakati wa kurudi nikauona moshi nikiwa bado kwenye bodaboda, upande wa kusini, mweusi kwa chini na wa kijivu kwa juu, nikajua ni kwetu kabla dereva hajasema neno. Kesho yake tulifuata majivu kinyumenyume hadi chini ya mti mmoja mkubwa wa mtundu wenye pango. Pale palikuwa na kishungi cha magome kilichofungwa kwa kamba za mti, nusu kimeungua. Mwenge. Mtu alikuwa amepanda kurina asali ya pori, cheche zikadondokea nyasi za Septemba, akashuka akaondoka zake.

Ndiyo maana nitaandika kwa urefu kuhusu chombo cha shilingi 38,000.

Chombo chenyewe ni bomba la moshi la kufugia nyuki, limetengenezwa kwa mkono na fundi bati mjini Tabora, katika karakana ya mtu na vijana wake wawili, ambako pia hutengenezwa makarai, keni za kumwagilia bustani na koroboi. Nililinunua Aprili 2023. Nimelitumia misimu mitatu mikubwa ya asali na mitatu midogo, na kikundi chetu cha wafugaji nyuki sasa kina mabomba saba ya mikono hiyohiyo.

Kwanza nieleze kwa nini tulilihitaji, kwa sababu mtu anayefuga nyuki sehemu yenye majani mabichi mwaka mzima anaweza kuona nalikuza jambo dogo.

Kijiji chetu kiko kusini mwa mji, ukishika barabara ya Sikonge. Tumezungukwa na misitu ya miombo ya aina tatu kwa umiliki: msitu wa hifadhi wa taifa ulio chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), msitu wa hifadhi wa kijiji, na vipande vya watu binafsi kama changu cha ekari sita alichoniachia marehemu mume wangu. Mipaka ni mawe yaliyopakwa rangi na alama kwenye magome. Nyasi ni zilezile. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 imekataza kuchoma uoto nje ya eneo la nyumba yako bila kibali, na haijali kwamba pori ni lako. Juu ya hiyo, kijiji kikajiwekea sheria ndogo, ikapita mkutano mkuu na kwenda halmashauri: kuanzia tarehe 15 Juni hadi mvua zishike, hakuna moto wa wazi msituni. Hakuna mwenge, hakuna kuchemsha chai porini, hakuna kuchoma mabaki ya shamba linalopakana na miti. Kabla ya tarehe hiyo, nusu ya pili ya Mei, tunachoma mapema kwa kibali, jioni, nyasi zikiwa bado na ubichi kwa chini.

Sasa tazama kalenda ya nyuki. Mti wa muba hutoa maua kuelekea mwisho wa masika, nyuki hujaza masega, asali inaiva Mei, Juni, Julai. Yaani asali inaiva pamoja na nyasi kukauka. Huwezi kumwambia mrina wa Tabora angoje mvua za Novemba ndipo afungue mzinga. Atakuta nyuki wameila, au mwenzake ameirina. Na nyuki wetu hawa hawafunguliwi bila moshi. Moshi unafunika ile harufu wanayoitoa kuitana vitani, tena wakiusikia wanakimbilia kunywa asali wakidhani watahama, na nyuki aliyeshiba hachomi kwa wepesi. Bila moshi, mizinga mitatu tu inatosha kukulaza hospitali.

Kwa hiyo katazo lilipopita, mwaka 2022, tuligombana na watu wetu wenyewe. Baba mkwe wangu alisimama katika kikao cha kikundi. Amerina tangu kijana, kwenye mizinga ya magome ya myombo iliyotundikwa juu kabisa, usiku, kwa mwenge. Akasema, "Mmeninyang'anya mwenge. Mmenipa nini mkononi?" Nilikuwa katibu, kalamu iko mkononi, na sikuwa na la kumjibu Baba. Tulikuwa tumeandika faini, tumeandika tarehe, tumepaka kibao rangi nyekundu. Chombo hatukuwa nacho hata kimoja.

Hapo ndipo safari ya kutafuta bomba ilipoanzia. Nitaeleza pia yale tuliyoyaacha, maana nayo yalitugharimu.

La kwanza lilikuwa chungu. Wengine hutoboa matundu chunguni, hutia samadi kavu na makaa, wakapuliza kwa mdomo. Moshi upo, bei ni ndogo. Lakini kinachopulizwa kwa mdomo kinatoa cheche kila pumzi, mtu uso umo ndani ya nyuki, na siku chungu kilipomtoka mkononi mwanakikundi mmoja kilipasuka kwenye jiwe na makaa yakasambaa kama mahindi. Tuliyazima kwa matawi. Tarehe ilikuwa 2 Julai, ndani ya katazo letu wenyewe.

La pili lilikuwa bomba la dukani lililotoka nje ya nchi, bati jeupe linalong'aa, zuri kulitazama. Mivukuto yake, yaani sehemu ya kupulizia hewa, ilikuwa ya kitambaa chembamba kilichopakwa plastiki. Ikapasuka kwenye mkunjo msimu wa kwanza, na aliyetuuzia hakuwa na mivukuto ya akiba wala mtu wa kuishona. Sasa ni chombo cha kuwekea misumari.

La tatu ni hili.

Karakana ile utaisikia kabla ya kuiona, nyundo za mbao juu ya reli ya chuma. Fundi ni mtu mzima, mwenye maneno machache. Nilimkuta anafunga mdomo wa keni, nikamwamkia, akaniitikia, akaniambia nikae kwenye kigoda amalize. Nilipomweleza ninachotaka hakuuliza nina shilingi ngapi. Aliuliza, "Mama, unarina mizinga mingapi kwa siku moja?" Nikasema sita, hadi nane tukiwa wawili. Akaniambia basi nisichukue dogo, litaishiwa moshi kwenye mzinga wa tatu na nitalazimika kulifungua porini kuongeza kuni. Neno hilo peke yake lilinifanya nimwamini. Kulifungua porini ndiyo hatari yenyewe.

Bomba lina sehemu mbili. Chemba ya moto ni ya mviringo, kipenyo kama kiganja changu na kimo cha shubiri moja na nusu, kwa bati la geji nene kuliko la kuezekea, limefungwa kwa ribiti na mikunjo bila risasi ya kulehemu, kwa sababu risasi ingeyeyuka. Juu kuna kifuniko chenye umbo la koni na pua iliyopinda, kimeshikwa kwa bawaba. Nyuma kuna mivukuto: mbao mbili za mninga, ngozi ya mbuzi pembeni, springi ndani. Ukibana, hewa inapita tundu la chini ya mbao, inaruka nafasi ndogo, inaingia chini ya chemba. Wazo la kuunganisha chemba na mivukuto mkononi mwa mtu mmoja lilifanyiwa kazi na mfugaji nyuki Moses Quinby wa jimbo la New York, Marekani, miaka ya 1870, na umbo halijabadilika sana tangu hapo. Fundi wetu alilijifunza kwa kufumua bomba bovu aliloletewa na mteja na kukata vipande kwa kulitazama.

Nilipolipeleka nyumbani, halikuwa sawa. Nasema wazi, kwa sababu mtu akisoma sifa tupu hataniamini, na pia kwa sababu namna fundi alivyolipokea kosa lake ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika. Ndani ya chemba hapakuwa na wavu wa chini. Kuni zilikaa moja kwa moja juu ya tundu la hewa, majivu yakaliziba kwa dakika kumi, moshi ukafa. Nikibana kwa nguvu ili ufufuke, cheche zilitoka puani. Nyekundu kabisa, nilizihesabu jioni ile uani kwangu, nimesimama juu ya udongo mtupu na ndoo ya maji pembeni: saba kwa mibano ishirini. Kifuniko nacho kilicheza. Ukilipindua bomba, kilifunguka.

Nilirudi Jumatatu kwa basi dogo, bomba ndani ya mfuko wa salfeti. Fundi hakubisha. Alinitaka niliwashe palepale mlangoni, akalitazama linavyozimika, akainama kutazama pua, akaona cheche kwa macho yake. Akaniuliza linatumika wapi hasa. Nikamweleza kuhusu Septemba 2021. Aliacha kazi nyingine. Alikata duara la bati, akalitoboa kwa msumari matundu kama thelathini, akaliwekea miguu mitatu ya kimo cha kidole gumba, akalidumbukiza chini ya chemba. Kwenye kifuniko akaongeza ndoano ya waya ya kufunga kama ya sanduku la bati. Halafu, na hili sikuliomba, akafunga kizimba cha waya kuzunguka chemba ili mkono usiguse bati la moto wala bati lisiguse nyasi ukiliweka chini. Hakunitoza hata mia. Mabomba yote aliyotengeneza tangu siku hiyo yana wavu, ndoano na kizimba, na bei aliipandisha shilingi 3,000 tu.

Nimelipima tena kwa namna ileile: mibano ishirini, uani, usiku ili cheche zionekane. Hakuna hata moja, mradi uweke kishungi cha majani mabichi juu ya kuni kabla ya kufunga kifuniko. Majani hayo yanafanya kazi mbili, yanapoza moshi usiunguze mabawa ya nyuki na yanazuia cheche. Bila majani mabichi nilihesabu mbili. Kwa hiyo bomba ni zuri, lakini halimwondolei mtu wajibu wa kulijaza vizuri. Mimi hutumia magunzi yaliyovunjwavunjwa chini, samadi kavu ya ng'ombe katikati, majani mabichi ya mwembe juu. Maranda ya mbao yanawaka haraka mno, tena usitumie ya mbao zilizopakwa dawa. Vitambaa vyenye oili, vipande vya tairi, mfuko wa plastiki, hapana kabisa. Asali inabeba kila harufu.

Kujaza kamili kunanipa saa moja na robo ya moshi nikibana mara kwa mara, karibu saa mbili nikiliacha lijipumzishe kati ya mzinga na mzinga. Inatosha mizinga sita. Hivyo naliwasha nyumbani, palepale kwenye uwanja uliofagiliwa, nalibeba likiwa limefungwa, natumia, narudi nalo. Halifunguliwi msituni hata mara moja. Sheria ndogo yetu ilipofanyiwa marekebisho tuliandika hilo kwa maneno hayohayo: bomba la moshi lililofungwa linaruhusiwa wakati wa katazo, likiwa limewashwa na litafunguliwa nje ya msitu. Mwenyekiti alikuwa na wasiwasi kwamba tunatoboa tundu kwenye katazo. Nilimpeleka uani akahesabu cheche yeye mwenyewe.

Ubora wa asali nao umebadilika. Mwenge unatupa majivu ndani ya masega, unaua nyuki wengi na asali inanuka moshi. Mnunuzi anainusa, anateremsha bei. Kwa bomba, pumzi tatu mlangoni, unangoja dakika mbili, pumzi mbili chini ya kifuniko cha mzinga, basi. Msimu wa kwanza nilizidisha nikapata asali yenye harufu, kosa langu, sio la fundi. Tangu nijue kiasi, ndoo zangu hazijarudishwa.

Sasa kasoro zilizobaki.

Ni zito. Pamoja na kuni zake linakaribia kilo mbili, na kwa wanaopanda kwenye mizinga ya juu, hilo si jambo dogo. Mimi mizinga yangu ya sasa iko kwenye vichanja vya kimo cha kiuno, siulizi. Lakini Baba alilijaribu juu ya mti akasema linamvuta bega, na kamba yake inataka mtu wa pili chini. Tulimwomba fundi dogo jepesi kwa ajili ya wapandaji; alitengeneza moja, likawa linaishiwa moshi kama alivyonionya. Kwa mizinga ya juu, bado sijaona jawabu zuri zaidi ya kuishusha mizinga yenyewe.

Ngozi ya mbuzi inakauka. Usipoipaka mafuta kila mwisho wa msimu itapasuka kwenye mkunjo. Yangu imepasuka mara moja, Julai 2024, katikati ya kazi, nikafunga kwa kitambaa cha khanga hadi nyumbani. Fundi aliishona kwa shilingi 5,000. Panya pia wanaipenda, litundike juu.

Na usiku wa kwanza linanuka vibaya, maana bati jipya lina mafuta na mipako yake. Liwashe mara mbili nje, mbali na mizinga, liungue liishe harufu. Fundi hakuniambia. Sasa huwaambia wateja.

Foleni ndiyo kero kubwa. Hana mabomba rafu nzima. Anatengeneza kwa oda, na kuanzia Mei wafugaji wote wanakumbuka kwa pamoja. Mwaka jana mwanakikundi wetu aliagiza tarehe 20 Mei akalipata Juni mwisho, katazo limeshaanza wiki mbili nzima, na alishindwa kuvumilia, akaazima chungu. Tulimtoza faini. Iliniuma kumwandikia, mama mwenzangu, mjane kama mimi, lakini niliandika.

Nataka pia kusema kuhusu vinavyoambatana na bomba, kwa sababu nimeona watu wakilinunua wakadhani wamemaliza. Kijana wetu mmoja aliyesomea ufugaji nyuki pale chuoni Tabora alituonyesha kwenye simu masharti ya msimu wa moto ya jimbo la Oregon, Marekani. Huko masharti yanabana kwenye misitu ya umma na ya watu binafsi kwa pamoja kadiri hatari inavyopanda. Ikifika kiwango fulani, msumeno wa injini hauruhusiwi kuanzia saa 7 mchana hadi saa 2 usiku, na anayeutumia asubuhi, akishauzima, lazima abaki akilinda moto kwa saa nzima. Gari likiacha barabara kuu kuingia msituni liwe na koleo, na galoni ya maji au kizimamoto. Baba alisikiliza akitafsiriwa kwa Kinyamwezi yale asiyoyashika kwa Kiswahili, akatikisa kichwa, akasema hao watu wamewahi kuunguzwa.

Ile saa ya kulinda ndiyo iliyonishika. Tukaichukua, tukaipunguza kuwa nusu saa kwa sababu jioni zetu zina fisi. Baada ya mzinga wa mwisho tunaziba pua kwa kishungi cha majani mabichi, tunalilaza bomba ubavu juu ya udongo mtupu, tunakaa na dumu la maji la lita 20, koleo na matawi, tunatazama. Kwa kawaida hakuna kitu. Julai mwaka jana palikuwa na kitu: ukungu mwembamba wa moshi kutoka kwenye gogo bovu hatua kama kumi na tano kutoka tulipokaa. Halikuwa bomba letu. Ilikuwa kishungi cha sigara cha mpita njia, bado kina joto. Tulimwaga dumu lote, tukafukia. Kama tungeondoka mara tulipomaliza, sijui kama ningekuwa na manzuki ya kuandikia.

Na barabara ya moto, yaani ukanda uliofyekwa ili moto usivuke. Hakuna bomba linalofaa kitu ikiwa mizinga imekaa kwenye nyasi za kiuno. Nafyeka upana wa hatua sita kuzunguka manzuki yote mwezi Mei na kupalilia hadi udongo uonekane, halafu ndani nafagia majani yaliyodondoka kila wiki mbili, maana miombo hupukutika Agosti na barabara safi ya Mei huwa zulia la majani makavu Septemba. Kazi ya mikono, fyekeo na jembe. Nalipa vijana wawili siku tatu. Uchomaji wa mapema tunaufanya nje ya barabara hiyo, kwa kibali, majirani wameambiwa, jioni upepo ukitulia. Afisa misitu aliyetufundisha alitusimulia majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza mwaka 1933 kwenye miombo kama yetu. Kipande kilichochomwa mapema kila mwaka kilibaki na miti yake. Kile kilichochomwa mwisho wa kiangazi, miti ilikwisha pakabaki nyasi. Kile kilichokingwa na moto kabisa kilifunga kikawa msitu mnene. Nimelitazama pori langu kwa macho mengine tangu siku hiyo. Machipukizi ya mninga niliyoyaona mwaka huu upande wa mashariki yana kimo cha goti, na ule ndio upande ulioungua 2021.

Kuna watu katika kikundi wanaosema bomba halizuii moto wa mchunga anayetaka majani mapya, wala wa mkulima wa tumbaku anayesafisha shamba, wala wa mwindaji. Ni kweli. Moto kichaa wa kwetu una baba wengi. Lakini kabla ya mabomba, tulipokwenda kuzungumza na wachungaji walituuliza, "Na nyie warina?" na tulinyamaza. Agosti mwaka jana tulikwenda kwao na bomba mkononi, tukaliwasha mbele yao, tukawaambia sisi tumeacha mwenge, tumelipa faini sisi kwa sisi, na daftari la faini ni hili. Mazungumzo yalikuwa mengine. Mzee wao alilishika, akabana mara mbili, akacheka kikohozi kilipompata, kisha akakubali tukutane Mei kupanga pamoja sehemu za kuchoma mapema ambako ng'ombe watapata majani bila kuungua msitu. Mei hiyo walikuja.

Baba mkwe wangu alikabidhiwa bomba lake Juni 2023, la nne kutoka mikono ya fundi. Nilimpelekea mwenyewe, nimelifunga kwa khanga mpya, nikampa kwa mikono miwili. Aligeuza, akafungua kifuniko, akatia pua yake ndani kunusa bati. Hakusema asante mbele ya watu, si kawaida yake. Wiki iliyofuata nilikuta mwenge wake wa siku zote umening'inia jikoni kwake, umekauka, haujawashwa, na amesogeza mizinga yake minne hadi kimo anachofikia akiwa amesimama chini.

Kwa anayetaka kununua: nenda Februari au Machi, kabla ya Pasaka. Toa nusu ya fedha, atakuandikia kwenye daftari. Ukiweza peleka ngozi yako mwenyewe iliyolainishwa vizuri, atakupunguzia. Kabla ya kuondoka karakanani, mwombe aliwashe, simama upande wenye kivuli, bana mara ishirini, tazama pua. Pindua bomba chini juu kuhakikisha ndoano inashika. Chungulia chini uone wavu una miguu. Ukikuta kasoro, mwambie palepale, atarekebisha, wala hatakukunjia uso. Kwa ubora nalipatia alama nne kati ya tano, na ile moja naishikilia mpaka atengeneze la wapandaji lisilovuta bega.

Mimi nimeagiza mawili mengine wiki iliyopita, la wifi yangu na la binti yake anayeanza na mizinga miwili. Yatakuwa tayari Jumamosi.